Nani aliamuru jeshi la Roma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila mtu anapoanza kusoma habari za Warumi, iwe ameanzia kwa Julius Caesar au kwa wale maakida wa kwenye Biblia. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale ya pembeni, na kama jambo limeshaelezwa sehemu nyingine nitakuelekeza huko ili tusirudie rudie.

## Mambo ya msingi

Imperiumu ni nini na kwanini kila mtu anaitaja?

Ni haki ya kuamuru. Mwenye nayo anaweza kuita raia jeshini, kuwaongoza vitani, kuhukumu, kuadhibu, na akiwa nje ya mji hata kumuua askari wake asiyetii. Warumi wenyewe walisimulia kwamba zamani ilikuwa mali ya wafalme, halafu mwaka 509 KK wakamfukuza Tarquinius, mfalme wa mwisho, lakini hawakuifuta ile nguvu yake, waliigawa tu, wakawapa watu wawili walioitwa makonsuli badala ya mmoja, tena kwa mwaka mmoja. Mimi naona mengine yote yanatokea hapo, maana kwa miaka karibu elfu moja iliyofuata swali lilikuwa ni lile lile, hii nguvu ya mfalme sasa anayo nani, kwa muda gani, na nani anaweza kumzuia.

Na ilikuwa inaonekana kwa macho kabisa. Konsuli alitanguliwa na liktori 12, hawa ni watumishi waliobeba begani fungu la fimbo limefungwa kwa mikanda na ndani yake kuna shoka. Fimbo za kuchapa, shoka la kukata kichwa. Wakiingia ndani ya mpaka mtakatifu wa mji shoka linachomolewa, kwa sababu humo ndani raia ana haki ya kukata rufaa kwa wananchi wenzake kabla hajauawa, wakitoka kwenda vitani linarudishwa.

Konsuli alikuwa rais au jenerali?

Vyote viwili kwa pamoja. Warumi hawakuwa na kundi la wanajeshi huku na wanasiasa kule, yule yule uliyempigia kura ndo anakuongoza vitani, na mtu kijana wa familia kubwa alitegemewa awe ameshafanya kampeni za kijeshi kama kumi hivi ndo aanze kugombea vyeo.

Hata uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kijeshi. Raia waligawanywa makundi 193 kufuatana na mali zao, maana mali ndo iliyoamua una silaha gani, na walikutana nje ya mpaka wa mji kwenye Uwanja wa Mars kwa sababu kimsingi lile lilikuwa jeshi limesimama kupiga kura, na jeshi haliruhusiwi ndani. Matajiri wanaitwa kwanza, wakikubaliana wao kwa wao uchaguzi unaisha kabla masikini hajafikiwa. Kwahiyo ukisikia jeshi la Roma lilikuwa la wananchi, ni kweli, ila sio wananchi wote walikuwa na sauti sawa.

Kuanzia 366 KK kukawa na pretori pia, yeye ana imperiumu lakini yuko chini ya konsuli, na kadiri nchi zilizotekwa zilivyoongezeka idadi ya mapretori nayo ikapanda.

Makonsuli wawili wakiwa vitani pamoja, nani mkubwa?

Hakuna. Kawaida kila mmoja alipewa legioni zake mbili (legioni ni kikosi kikubwa cha maelfu ya askari) na eneo lake, kwahiyo hawakuonana. Ila wakikutana sehemu moja walipokezana, leo wewe kesho mimi. Wengi wanaikumbuka Cannae mwaka 216 KK ambapo Varro na Paullus walipokezana hivyo hivyo mbele ya Hannibal, jenerali wa Karthago, mji adui wa Roma kule Afrika Kaskazini, na siku ya zamu ya Varro wakaingia mtegoni, Paullus akafa humo na makumi elfu ya askari. Watu wanapenda kusema basi mfumo wa zamu ulikuwa wa kijinga.

Mimi ningekuambia usiishie Cannae, soma na Metaurus mwaka 207 KK. Hannibal yuko kusini mwa Italia, ndugu yake Hasdrubal anashuka kutoka kaskazini na jeshi jipya, wakiungana Roma imekwisha. Konsuli Claudius Nero aliyekuwa anamzuia Hannibal kule kusini akachagua askari wake bora kama 7,000, akaondoka kimya kimya akaenda kumsaidia mwenzake Livius, na hawa wawili walikuwa hawapendani kabisa. Wakaingia kambini usiku, na ili kambi isionekane imekua kila askari akalala kwenye hema la mwenzake wa cheo kile kile. Kilichowaumbua ni tarumbeta. Maskauti wa Hasdrubal walisikia kwenye kambi ya pretori imepigwa mara moja kama kawaida, ila kwenye kambi ya konsuli imepigwa mara mbili, na Hasdrubal aliyepigana na Warumi miaka mingi akaelewa hapo hapo kwamba kuna makonsuli wawili. Kufa na kupona hivyo lakini hawakuacha kupiga tarumbeta ya pili, kwa sababu konsuli ni konsuli.

Wakashinda, Hasdrubal akauawa. Kwenye gwaride la ushindi Livius akapanda gari la farasi na Nero akafuata juu ya farasi tu bila jeshi, kwa sababu vita ilipiganwa kwenye eneo la Livius na ile siku ilikuwa zamu yake.

Ni kweli waliuliza kuku kabla ya vita?

Kweli. Mwenye amri alikuwa pia na haki na wajibu wa kuuliza miungu, na njia rahisi ya kwenda nayo safarini ilikuwa kuku watakatifu: wakila kwa pupa ishara nzuri, wakikataa tulia. Mwaka 249 KK konsuli Claudius Pulcher alikuwa anataka kushambulia meli za Karthago pale Drepana, Sicilia, kuku wakagoma kula, inasimuliwa kwamba akaamuru watupwe baharini wanywe basi kama hawataki kula. Akapoteza meli zaidi ya 90. Roma wakamshtaki na kumtoza faini.

Usichukulie hili kama ushirikina wa kuchekesha. Amri kwa Warumi haikuwa cheo tu, ilikuwa pamoja na kibali cha miungu, na ndo maana hata baadaye ushindi ulihesabiwa ni wa yule ambaye ishara zilichukuliwa kwa jina lake, hata kama hakuwepo uwanjani. Shikilia hilo, litarudi kwa Augustus, Kaisari wa kwanza, huko chini.

Dikteta wa Roma ni sawa na madikteta wa karne ya 20?

Hapana, kwa miaka mingi ilikuwa ni kazi ya dharura yenye mwisho. Konsuli ndo aliyemtaja, kwa ushauri wa seneti (baraza la wakuu wa Roma), anakaa madarakani isizidi miezi 6, anapewa liktori 24 na msaidizi anayeitwa mkuu wa farasi. Wazo ni kwamba kwenye hatari kubwa watu wawili wanaobishana hawafai. Cincinnatus ndo mfano wao wa kila siku, 458 KK wamemkuta shambani kwake, akavaa joho, akashinda, na baada ya siku 16 akarudisha madaraka.

Ila hata hapo raia waliweza kuingilia. Mwaka 217 KK Fabius aliyekuwa dikteta alikataa kupigana na Hannibal uso kwa uso, alimfuata fuata tu milimani, watu wakachoka wakampa msaidizi wake Minucius mamlaka sawa na yake, yaani madikteta wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo linavunja maana yote ya cheo. Minucius akakimbilia vitani, akazingirwa, na Fabius huyo huyo akaenda kumuokoa.

Baada ya 202 KK cheo kikaachwa kabisa zaidi ya miaka 100. Kilivyorudi kilirudi kibaya, angalia swali la Sulla.

## Ndani ya legioni

Legioni ilikuwa na watu wangapi, na mabosi walipangwaje?

Inategemea unaongelea lini. Wakati wa vita na Karthago, kama 4,200 wa miguu na farasi 300. Baadaye wakapanga kwa kohorti 10, kila kohorti senturia 6, kila senturia watu 80, kwahiyo jumla kama 5,000. Chini kabisa ni kundi la watu 8 wanaolala hema moja na kupika pamoja.

Juu kulikuwa na maofisa 6 walioitwa matribuni. Zama za jamhuri wengi walikuwa vijana wa kishua, na hapo pia kulikuwa na zamu, wawili wawili wanashika legioni kwa miezi miwili kisha wanawapisha wengine. Unaona hawa watu walivyoogopa kumuachia mtu mmoja? Kuanzia konsuli mpaka tribuni kila mtu ana mwenzake pembeni.

Enzi za makaisari, yaani watawala wa Roma kuanzia Augustus, legioni ikapata mkuu wa kudumu, legati, ambaye ni mbunge wa seneti. Chini yake tribuni mmoja kijana wa familia ya seneti, halafu mkuu wa kambi, huyu ni mzee wa kazi aliyepanda ngazi zote za akida. Legati na yule kijana wanakuja na kuondoka, mzee wa kambi ndo anajua mahema yako wapi na chakula kitafika lini.

Akida wa kwenye Biblia alikuwa na cheo gani hasa?

Ndo mkuu wa senturia, watu kama 80. Ukilinganisha na jeshi la sasa hapati mfanano kamili, kwa idadi ya watu anakaribia mkuu wa kombania ndogo lakini wengi wao walitoka chini kwa askari wa kawaida. Alijulikana kwa fimbo ya mzabibu aliyoshika mkononi, na alikuwa mstari wa mbele vitani kwahiyo kwa uwiano maakida walikufa wengi kuliko askari wao.

Yule wa Kapernaumu aliyemwambia Yesu kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka na ana askari chini yake, akimwambia huyu nenda anaenda, alieleza mfumo mzima kwa sentensi moja. Nguvu ya akida sio yake, ameazimwa kutoka juu, na ukiifuata juu unafika kwa mtu mmoja.

Na ile habari ya Paulo kule Yerusalemu, Matendo 22, ina sheria ya kweli nyuma yake. Ameshafungwa kamba tayari kwa viboko, anamuuliza akida je ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa, akida anakimbia kwa jemadari Klaudio Lisia na wote wanaingiwa na hofu. Karne ya 2 KK zilipitishwa sheria zilizomlinda raia dhidi ya viboko hata nje ya mji wa Roma, kwahiyo lile shoka lililokuwa linachomolewa mpakani (swali la kwanza) sasa lilizuiwa hata Yudea. Ila angalia mwisho wake, Paulo hakukata rufaa kwa wananchi kama babu zao, alikata rufaa kwa Kaisari.

Nidhamu yao ilikuwa kali kiasi gani?

Kali sana. Askari wa zamu ya usiku akikutwa amelala alipigwa na wenzake mpaka kufa, kwa sababu aliwaweka wote hatarini. Kikosi kikikimbia vita kingeweza kupigiwa kura ya bahati nasibu, mmoja katika kila kumi anauawa na wale tisa wenzake, adhabu ambayo Crassus aliifufua mwaka 71 KK wakati wa kupigana na watumwa walioasi chini ya Spartacus. Na Warumi walifundishana habari ya Manlius Torquatus, konsuli wa 340 KK aliyemuua mwanae mwenyewe kwa kupigana bila ruhusa, japo kijana alishinda.

Lakini usidhani askari walikaa kimya tu. Mwaka 14 BK legioni za mtoni Danube na Rhine ziligoma, wakalalamika mshahara mdogo, kuzuiwa kustaafu mpaka wamekuwa vibogoyo, na vipigo. Kulikuwa na akida mmoja anaitwa Lucilius, askari walimpa jina la Lete Nyingine kwa sababu alikuwa akivunja fimbo mgongoni kwa mtu anaagiza nyingine. Walimuua.

## Mwaka mmoja ulipoacha kutosha

Prokonsuli ametokea wapi?

Kwenye mazingira ya vita tu. Mwaka 327 KK konsuli Publilius Philo alikuwa ameuzingira mji wa Neapolis, ndo Napoli ya leo, muda wake ukawa unaisha na mji unakaribia kuanguka, kumtoa hapo na kuleta mtu mpya ingekuwa ni kupoteza kazi yote. Wananchi wakapiga kura aendelee badala ya konsuli, ndo maana ya neno prokonsuli, mpaka vita iishe. Ilikuwa busara kabisa na hakuna aliyeona ubaya.

Lakini hapo cheo na mamlaka vikatengana kwa mara ya kwanza, mtu anaweza kuwa sio konsuli tena na bado ana jeshi. Vita zikawa za mbali zaidi, Hispania, Ugiriki, Asia, na kila safari ilikuwa rahisi kuongeza muda kuliko kubadilisha mtu.

Scipio alipewaje jeshi akiwa na miaka kama 25?

Baba yake na ndugu wa baba yake walikuwa wameuawa Hispania mwaka 211 KK, watu wakubwa hawakutaka kwenda, yeye akajitokeza na wananchi wakampa mwaka 210 KK imperiumu ya prokonsuli wakati hajawahi kuwa hata pretori. Akaiteka Karthago Mpya, akawafukuza Wakarthago Hispania nzima, baadaye akamshinda Hannibal pale Zama 202 KK.

Aliporudi kutoka Hispania seneti ilimnyima gwaride la ushindi, kisa hakuwa na cheo halali wakati anashinda. Kwahiyo walikuwa wanajua wamefanya kitu cha ajabu, wakajaribu kukifunga pale pale. Haikufungika, maana sasa kila mtu alishaona kwamba kura ya wananchi inaweza kumpa jeshi mtu yeyote.

Ni kweli Marius ndo aliyeharibu kila kitu?

Hii naiona imetiwa chumvi sana. Marius mwaka 107 KK aliandikisha raia wasio na mali, hilo ni kweli, na akawa konsuli mara 7, tano kati ya hizo mfululizo kuanzia 104 mpaka 100 KK kwa sababu ya hofu ya Wakimbri na Wateutoni, makabila yaliyotoka kaskazini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Lakini kiwango cha mali kilichotakiwa kuingia jeshini kilikuwa kimeshashushwa kabla yake, na mabadiliko mengi anayosifiwa au kulaumiwa nayo yalikuja pole pole.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Askari masikini akimaliza kutumikia miaka na miaka anarudi wapi? Shamba hana. Seneti haikutaka kuweka mfumo wowote wa kuwapa ardhi wastaafu, kila mara ilibidi jenerali aliyewaongoza akapambane bungeni kwa ajili yao. Sasa ukiwa wewe ndo askari huyo, utamtii nani, seneti inayokunyima au jenerali anayekuhangaikia? Lawama kubwa naipeleka kwa seneti, walikuwa na uwezo wa kulimaliza hilo na wakaona fahari kukataa.

Sulla aliwezaje kuishambulia Roma kwa jeshi la Roma?

Mwaka 88 KK Sulla alikuwa konsuli na amepewa halali kabisa vita dhidi ya mfalme Mithridates, vita yenye utajiri mwingi. Sulpicius, tribuni wa watu (huyu ni mtetezi wa raia, sio tribuni wa legioni), akapitisha kura ya kumnyang'anya na kumpa Marius mzee. Sulla akaenda kwa askari wake, akawaeleza, nao wakaona Marius atachukua watu wengine na wao watakosa ngawira, wakamwambia atuongoze Roma. Maofisa wake walimkimbia wote isipokuwa kwestori (ofisa wa fedha) mmoja, hawakuweza kuamini kwamba wanaenda kuvamia mji wao. Askari wa kawaida walibaki.

Kwangu hapa ndo pameamua, kuliko hata kwa Caesar. Kura ya wananchi ilikuwa imesema kitu kimoja, legioni sita zikasema kingine, na legioni zikashinda. Baadaye akawa dikteta bila kikomo cha muda, akaandika sheria nyingi za kuzuia mtu mwingine asifanye alichofanya yeye, na mwaka 79 KK alikuwa ameshaachia madaraka yote. Sheria zake hazikuzuia kitu, kila jenerali alikuwa ameshaona njia.

Pompey ana umuhimu gani, si alishindwa na Caesar?

Alishindwa vitani ila ndo aliyetengeneza ramani ambayo makaisari waliifuata. Mwaka 67 KK sheria ya Gabinius ilimpa amri ya bahari yote ya Mediterania dhidi ya maharamia, pamoja na pwani mpaka maili 50 kuingia ndani, kwa miaka mitatu, na malegati wengi wa kuwatuma kila kona. Alimaliza kazi kwa miezi mitatu. Halafu kuanzia 55 KK akapewa Hispania, na hakwenda, alikaa karibu na Roma akaitawala kupitia malegati wake. Amri ya eneo kubwa, ya miaka mingi, unayoitekeleza kwa kutuma watu: Augustus hakubuni kitu hapo, alikuta kila kipande kipo tayari.

Kwanini Caesar kuvuka Rubicon ilikuwa kosa kubwa hivyo, si mto mdogo tu?

Ni mdogo kweli, ila ulikuwa mpaka kati ya jimbo lake na Italia yenyewe. Ndani ya jimbo ana imperiumu, akiuvuka na jeshi ni muasi. Maadui zake walitaka aache jeshi kwanza ndo arudi kugombea ukonsuli, na akiliacha anakuwa raia wa kawaida anayeweza kushtakiwa. Januari 49 KK akavuka na legioni moja, ya 13. Februari 44 KK alikuwa dikteta wa maisha, mwezi uliofuata wakamuua, na Antonius, konsuli mwenzake, akapitisha sheria ya kukifuta cheo cha dikteta kabisa. Kilifutwa kweli na hakikurudi, lakini mtu aliyefuata hakukihitaji.

## Makaisari

Augustus alichukuaje jeshi lote bila kujiita mfalme wala dikteta?

Kwa kukusanya vipande vya zamani. Baada ya kumshinda Antonius pale Actium 31 KK, mwaka 27 KK alirudisha madaraka kwa seneti mbele ya watu, na seneti ikamuomba ashike majimbo yenye hatari, Hispania, Galia, Syria, kwa miaka 10. Ndo humo karibu legioni zote zilimokaa. Mwaka 23 KK akaachia ukonsuli wa kila mwaka, akapewa imperiumu ya kiprokonsuli iliyo juu ya prokonsuli yeyote, na isiyoisha akivuka mpaka wa mji. Pamoja na hiyo akapata nguvu za tribuni wa watu. Kila kipande ukikiangalia peke yake kina mfano wa nyuma, ila hakuna mtu aliyewahi kuwa navyo vyote kwa mkono mmoja.

Kilichokuwa kipya kweli ni hela. Mshahara wa dinari 225 kwa mwaka, muda wa utumishi unaojulikana, na mwaka 6 BK akaanzisha hazina ya jeshi ya kulipa mafao ya wastaafu, ikipata pesa kutoka kodi ya urithi na ya minada. Lile tatizo la askari asiye na pa kurudi (swali la Marius) akalimaliza yeye, na shukrani zikaenda kwake. Askari walikula kiapo kwa jina lake, na kiapo kilirudiwa kila mwaka.

Majenerali walishinda vita kwa niaba ya Kaisari, sifa zilikwenda kwa nani?

Kwa Kaisari. Legati anapigana chini ya ishara za mtu mwingine (rudi swali la kuku), kwahiyo kisheria aliyeshinda ni aliyeko Roma. Mtu wa mwisho nje ya familia yao kufanya gwaride kamili la ushindi ni Cornelius Balbus, 19 KK, baada ya vita vya kusini mwa Libya ya leo. Baada yake majenerali walipewa nishani na sanamu, gari la farasi hapana.

Pontio Pilato alikuwa na jeshi la namna gani?

Dogo. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 linamtaja kama prefekti wa Yudea, cheo cha watu wa daraja la pili la wakuu, sio la seneti. Alikuwa na vikosi vya wasaidizi, legioni hakuwa nayo hata moja, zikihitajika zinatoka kwa legati wa Syria. Misri pia ilitawaliwa na prefekti, kwa sababu ngano yake ililisha Roma na Augustus hakutaka mtu wa seneti aikanyage bila ruhusa, na hata Germanicus, mtoto wa kulea wa Tiberius, alipokwenda kutembea huko 19 BK alikemewa.

Walinzi wa Kaisari ndo walikuwa wanachagua Kaisari?

Mara kadhaa. Mwaka 41 BK walimsimamisha Claudius, naye akawapa kila mmoja sestersi 15,000. Mwaka 193 walimuua Pertinax wakauza kiti kwa mnada, Didius Julianus akashinda kwa kuahidi sestersi 25,000 kwa kila askari, akakaa siku 66.

Lakini walinzi walikuwa Roma tu, nguvu kubwa ilikuwa mipakani. Januari 69 BK legioni za Rhine zilikataa kumwapia Galba, zikamtangaza Vitellius, mwaka huo wakapita makaisari wanne mpaka Vespasian akashinda kwa legioni za mashariki. Tangu hapo kila jenerali alijua Kaisari anaweza kutengenezwa popote penye legioni.

## Maswali ya mwishoni na ya pembeni

Ni kweli kulikuwa na Kaisari Mwafrika?

Ndio, Septimius Severus alizaliwa 145 BK Leptis Magna, pwani ya Libya. Alikuja Roma na legioni za Danube mwaka 193, akawavua silaha wale walinzi waliouza kiti, akaweka wengine kutoka legioni zake. Aliongeza mishahara na akaunda legioni tatu mpya chini ya maprefekti badala ya watu wa seneti. Alifia York, Uingereza, mwaka 211.

Lini wabunge wa seneti waliacha kuongoza jeshi?

Miaka ya 260, wakati wa Gallienus. Mipaka ilikuwa inawaka moto kila upande na wakahitajika wanajeshi wa kazi, waliopanda kutoka chini. Diocletian, aliyeingia 284 na yeye mwenyewe katokea jeshini, akaendelea kutenganisha, gavana ashike kodi na kesi, askari wa mpakani wawe na mkuu wao. Constantine akamalizia: mwaka 312 akawavunja walinzi wa Kaisari moja kwa moja, na akaweka wakuu wapya wa majeshi, mmoja wa miguu na mmoja wa farasi. Ile hali ya konsuli kuwa mwanasiasa, hakimu na jenerali kwa pamoja ikawa imekufa.

Basi wakuu hao wapya hawakuwa hatari kwa Kaisari?

Walikuwa, hasa magharibi. Stilicho, Aetius, Ricimer, wote walikuwa wakuu wa majeshi na makaisari wao walikuwa wanakaa ikulu tu, Ricimer aliwaweka na kuwatoa kadri alivyotaka. Mwaka 476 askari wa Italia wakadai theluthi ya ardhi, wakanyimwa, wakamtangaza Odoacer, ofisa mwenzao, kuwa mfalme wao. Akamtoa kijana Romulus Augustulus, na alama za ukaisari zikapelekwa Konstantinopoli. Madai yenyewe yalikuwa yale yale ya ardhi ya tangu enzi za Marius.

Mwanamke aliwahi kuamuru jeshi la Roma?

Kwa cheo, hapana, imperiumu haikuwahi kupewa mwanamke. Kwa vitendo, mfikirie Agrippina, mke wa Germanicus. Mwaka 15 BK uvumi ulifika Rhine kwamba jeshi limezingirwa na Wajerumani wanakuja, wenye hofu wakataka kubomoa daraja, jambo ambalo lingewaacha wenzao upande wa pili wafe. Alizuia lisibomolewe, na askari walivyorudi akasimama kichwani mwa daraja akiwasifu, akawagawia nguo waliochakaa na dawa waliojeruhiwa. Tiberius alichukia mno, akaona mke amewatuliza askari ambao jina la Kaisari lilishindwa kuwatuliza. Binti wa huyo Agrippina, Agrippina mdogo, mke wa Kaisari Claudius, mwaka 51 BK alikaa jukwaani kwake mbele ya bendera za jeshi na kupokea heshima ya mateka Caratacus kutoka Uingereza, na watu wa Roma walishangaa kwa sababu babu zao hawakuwahi kuona kitu kama hicho.